Vidonge vya Siku Kumi

Mwalimu Hajra alikuwa na miaka thelathini na tisa tembo alipomuua mzee Saadi mbele ya macho yake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa nne, katika mashamba ya mahindi nje kidogo ya Kilimarondo. Hajra alifundisha darasa la tatu katika shule ya msingi ya hapo, na shamba lake lilipakana na la mzee Saadi. Siku hiyo walikuta mahindi ya mzee yamelazwa chini upande mmoja. Wote wawili walidhani wanyama wameshaondoka. Mzee akaingia ndani kuangalia hasara, Hajra akabaki mpakani. Baada ya muda mfupi alisikia mabua yakivunjika, akamsikia mzee akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, rudi nyumbani."

Hakurudi. Alijibanza nyuma ya kichuguu, akaona yote kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mzee alizikwa siku ileile. Askari wa wanyamapori walikuja, wakaandika maelezo ya Hajra, wakaondoka. Jumatatu aliingia darasani kama kawaida. Wiki ya pili mtoto mmoja aliangusha dawati, na Hajra akajikuta ameushika ukuta. Moyo ulikwenda mbio, vidole vikafa ganzi, akaona kama hewa imekwisha chumbani. Watoto wote walimtazama. Hali hiyo ilijirudia sokoni, kisha bafuni, kisha ikawa inakuja yenyewe bila kuitwa na kelele yoyote.

Tabibu wa zahanati, Hamidi, alimpima presha, akamsikiliza, akaandika.

"Mwili wako bado uko kule shambani, mwalimu," alisema. "Nakupa vidonge kumi vya diazepamu. Kimoja kila jioni, siku kumi. Vikiisha, havifuatiwi na vingine. Hii ni dawa ya muda mfupi. Ukiona hali inaendelea, rudi hapa tuzungumze, usijitafutie mwenyewe. Sawa?"

"Sawa."

Alimaanisha. Hajra hakuwa mtu wa kuchezea dawa. Mdogo wake, Imrani, alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akaingia kwenye unga, akarudishwa kwao Mbekenyera akiwa mifupa mitupu, akafia mikononi mwa mama yao miaka sita iliyopita. Hajra ndiye aliyefua nguo zake za mwisho. Tangu hapo hata panadol alimeza moja pale ambapo wengine humeza mbili.

Vidonge vya Hamidi vilifanya kazi. Siku ya tatu Hajra alifundisha kuzidisha kwa tarakimu mbili bila kuutazama mlango. Mume wake, Rahimu, mkulima wa korosho asiye na maneno mengi, alimwambia, "Mama Amna, umerudi," na Amna mwenyewe, binti yao wa miaka saba, akaanza tena kumwimbia nyimbo za shule wakati wa kupika.

Siku ya kumi na moja hofu ilirudi.

Hakurudi kwa Hamidi. Baadaye, alipoulizwa kwa nini, alisema aliona aibu. Hamidi alikuwa amemweleza vizuri, naye alikuwa ameitikia. Wiki hiyo walimu waliitwa kwenye semina Nachingwea mjini, na wakati wa chakula cha mchana aliingia duka la dawa la Bashiri, karibu na stendi. Bashiri alikuwa mtu wa kwao Mbekenyera. Walisoma darasa moja.

"Bila cheti hairuhusiwi," Bashiri alisema, akitabasamu. "Lakini wewe ni mwalimu, unajua unachofanya."

Akampa pakiti mbili.

Mwezi wa tano alimeza kimoja jioni. Mwezi wa sita, wakati wa kuvuna ufuta, aliongeza cha asubuhi, kwa sababu ilimbidi kupita njia ya mashambani. Mwezi wa saba kimoja hakikutosha tena jioni, vikawa viwili. Mwezi wa nane alikuwa anameza vinne kwa siku, na alivificha shuleni ndani ya kopo la chaki za rangi, ambazo hakuna mwalimu mwingine aliyezitumia.

Hofu ilipungua, lakini mambo mengine nayo yalipungua. Alisahau majina ya watoto aliowafundisha tangu Januari. Alisahihisha daftari moja mara mbili na kutoa alama tofauti. Hata mapema, kwenye arobaini ya mzee Saadi, alikaa na wanawake wenzake, akapokea sahani ya pilau, akala, akagundua kwamba hasikii chochote moyoni. Mjane wa marehemu alipomshika mkono na kulia, Hajra aliutazama ule mkono na kufikiria kwamba kucha zake zinahitaji kukatwa.

Mwisho wa mwezi wa nane alikwenda tena Nachingwea. Alipofika dukani kulikuwa na wateja wawili mbele yake. Bashiri alimwona kwa juu ya vichwa vyao, akainama chini ya kaunta, akatoa pakiti nne na kuzisukuma pembeni, upande wake, kabla hawajasalimiana. Kisha akaendelea kumhudumia mama aliyetaka dawa ya minyoo.

Hajra alizitazama zile pakiti. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alipoomba kwa mdomo wake. Hakukumbuka. Akazichukua, akaondoka.

Likizo fupi ya mwezi wa tisa alikwenda Mbekenyera kumwona mama yake. Bibi Mwantumu alikuwa mwanamke wa miaka sabini, aliyezungumza Kimwera kwa raha na Kiswahili kwa haja. Alikuwa anaanika mihogo uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Bibi Mwantumu alinyoosha mgongo, akamtazama binti yake kwa muda mrefu kuliko kawaida ya salamu. Kisha akakaa chini palepale, juu ya gunia.

"Mama, vipi?"

"Macho yako," alisema yule mama. "Unaniangalia kama Imrani alivyokuwa ananiangalia."

Hajra alicheka, akasema ni uchovu wa safari. Mama yake hakucheka, akarudi kwenye mihogo yake. Asubuhi iliyofuata Hajra alichukua pakiti zote alizokuwa nazo, akaenda chooni, akavitoa vidonge kimoja kimoja na kuvitupa shimoni. Alihakikisha hakijabaki hata kimoja. Alijiona amefanya jambo kubwa, na la haki.

Siku ya pili baada ya hapo hakulala. Siku ya tatu mwanga wa jua ulimchoma macho, akafunga dirisha kwa khanga. Siku ya nne mikono ilianza kutetemeka hata hakuweza kushika kikombe, na jasho lilimtoka akiwa amekaa kivulini. Sauti ya kuku ilikuwa kubwa kupita kiasi. Mama yake alimpa uji, akaukataa. Jirani akasema ni malaria, mwingine akasema kuna kitu kimemwingia na kinataka ngoma. Hajra mwenyewe aliamini jambo moja tu: kwamba hivi ndivyo alivyokuwa Imrani, na kwamba akivumilia hadi mwisho atakuwa amefanikiwa pale ambapo ndugu yake alishindwa.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, alianguka uani. Viungo vyote vilikakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka. Ilichukua dakika mbili hivi. Bibi Mwantumu alimlaza ubavu na kupiga kelele, majirani wakaja, na mwenye bajaji mmoja akampeleka Ruangwa hospitali, mama yake akiwa amempakata njia nzima.

Alipozinduka vizuri ilikuwa alasiri. Rahimu alikuwa ameshafika, bado ana vumbi la safari kichwani. Pembeni ya kitanda alisimama muuguzi wa kitengo cha afya ya akili, mwanamke mnene wa makamo mwenye miwani, aliyejitambulisha kwa jina la Jenifa.

"Nimechomwa sindano ya nini?" Hajra aliuliza.

"Diazepamu."

Hajra alijaribu kuinuka. "Nani kawaruhusu? Nilikuwa nimeiacha! Siku saba nilikuwa nimeiacha!"

"Tunajua uliiacha," Jenifa alisema. "Ndiyo maana ulianguka."

Rahimu aliwatazama wote wawili kwa zamu. Hakuwa anajua habari ya vidonge hata kidogo. Alikuwa amesikia kwa mama mkwe nusu saa iliyopita kwamba mkewe alitupa dawa chooni.

Jenifa alivuta kiti. Aliuliza vidonge vingapi kwa siku, kwa miezi mingapi, na Hajra, kwa kuwa alikuwa amechoka mno kutunga uongo, alimjibu. Rahimu alisikia idadi, akainama.

"Nina swali," Hajra alisema mwishoni. "Mimi ni teja?"

"Wewe mwenyewe unaonaje?"

"Mdogo wangu alikuwa teja. Alikufa."

"Pole," Jenifa alisema. "Sikiliza, mwalimu. Ubongo wako umezoea kutulizwa na kidonge, umeacha kujituliza wenyewe. Ukiuondolea ghafla, unachachamaa. Ingempata hivyo mtu yeyote anayemeza kama ulivyomeza. Sikuambii hukukosea. Ulipoficha ulikosea, na aliyekuuzia alikosea zaidi. Ila kuvitupa siku moja ndiko kulikotaka kukuua. Tutavipunguza polepole. Itachukua miezi."

"Miezi nikiwa nameza tena?"

"Unameza ili uache."

Hajra aligeukia ukutani. Aliona kwamba ametupa vidonge, ameteseka siku saba, ameanguka mbele ya majirani, na sasa anarudishiwa vilevile kwa mkono wa serikali. Alilia kwa hasira. Yalikuwa machozi yake ya kwanza tangu mwezi wa nne, na Jenifa, aliyekuwa anaandika kwenye faili, aliacha kuandika na kusubiri yaishe.

Mpango ulikuwa hivi: daktari alimwandikia dozi pungufu kidogo kuliko aliyozoea, na kila baada ya wiki mbili ingepunguzwa tena, wakati mwingine kwa nusu kidonge, wakati mwingine kwa robo, iliyokatwa kwa wembe. Angefika Ruangwa kliniki kila mwezi. Na vidonge visikae mikononi mwake. Awepo mtu wa kumpa.

Rahimu alisema ni yeye. Wiki tatu za kwanza alivifunga ndani ya sanduku na kutembea na ufunguo shingoni. Alimpa kila kimoja kwa wakati wake, bila kukosea, kisha akasimama kumwangalia akimeza, na akisha kumeza akamwomba afungue mdomo. Hajra akitoka chooni, Rahimu aliingia kuangalia. Siku moja Hajra alimkuta amemimina mkoba wake wote juu ya kitanda.

"Unatafuta nini, baba Amna?"

"Sitafuti kitu."

"Mimi si mwizi humu ndani."

"Miezi mitano ulinidanganya," alisema Rahimu, bila kupandisha sauti. "Nifanyeje? Niambie, nifanyeje."

Hajra alianza kuvirudisha vitu mkobani. Aliona kwamba kama wakiendelea hivyo ndoa itakwisha kabla ya vidonge. Alifikiria wanawake wote wa kijiji, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja aliona habari zake zikitembea kutoka mlango hadi mlango. Mwisho alimfikiria Limi.

Limi na mumewe Lubasha walikuwa Wasukuma waliofika Kilimarondo na ng'ombe wao miaka mitatu nyuma. Wenyeji hawakuwapenda sana. Ng'ombe waliingia mashambani, maneno yakatokea, vikao vikaitishwa. Nyumba yao ilikuwa pembeni, upande wa malisho, na wanawake wa kijiji hawakupita kukaa kwake. Binti yao, Lucia, alisoma darasa la Hajra, kwa hiyo Limi alimjua mwalimu kwa salamu na maziwa aliyompelekea kila asubuhi.

"Mama Lucia," Hajra alimwambia, "nina dawa. Nataka uniwekee. Unipe kila siku kama ilivyoandikwa, na nikikuomba zaidi usinipe."

Limi aliipokea bahasha, akaigeuza. "Ni ugonjwa gani?"

"Nilimeza nyingi. Sasa napunguza."

"Haya," alisema Limi. Hakuuliza jingine. Aliita Lucia amsomee maandishi mara tatu hadi akayashika kichwani, kisha akaichomeka bahasha juu, kwenye paa, karibu na viatu vya mumewe.

Rahimu hakufurahi siri ya nyumba yake kuhamia kwa wafugaji. Alinung'unika siku mbili. Siku ya tatu alilala usingizi mzito tangu magharibi, mara ya kwanza baada ya mwezi mzima, na hakulizungumzia tena.

Mwezi wa kumi ulikwenda vizuri. Wa kumi na moja ulikuwa mbaya: kila dozi ilipopungua, Hajra alipata siku nne tano za kutetemeka na hasira, akawakaripia watoto, akaomba radhi, akakaripia tena. Majina yao, hata hivyo, yalianza kurudi. Desemba alikuwa amefika kidonge kimoja kwa siku. Mwaka mpya alianza nusu.

Wiki ya tatu ya Januari, siku ya Alhamisi, ilikuja taarifa kwamba tembo wameonekana ng'ambo ya mto. Mwalimu mkuu aliwaruhusu watoto mapema, wakaenda kwa makundi wakisindikizwa na wazazi. Hajra aliwahesabu wa darasa lake hadi wa mwisho, akafunga mlango, na hapo hofu ikamrudia. Alitembea moja kwa moja hadi kwa Limi. Ilikuwa saa tano.

Limi alikuwa amekaa mlangoni anasukasuka maziwa kwenye kibuyu kikubwa, akitafuta siagi.

"Nipe dawa," Hajra alisema.

"Ya leo umemeza asubuhi, mwalimu."

"Nipe ya kesho. Kesho sitakuja."

"Kesho utakuja."

"Hujasikia? Tembo wamerudi!"

"Nimesikia. Baba Lucia ameenda kurudisha ng'ombe."

"Mama Lucia, nakuomba. Nusu tu. Robo."

Limi aliendelea kusukasuka. Hapo Hajra alisema maneno ambayo baadaye hakupenda kuyarudia: kwamba dawa ni yake, kwamba yeye ni mwalimu, na kwamba mchunga ng'ombe asiyejua hata kusoma bahasha hana cha kumfundisha. Aliyasema kwa sauti, amesimama juu yake.

Limi aliacha kibuyu kitulie. Alimtazama, akasogea pembeni ya gogo alilokalia, akakishikilia kibuyu juu ya nafasi iliyobaki wazi, kana kwamba kuna mtu ameshakaa hapo.

"Kaa," alisema. "Suka."

"Nini?"

"Maziwa haya hayajawa tayari, na mimi nimechoka. Suka."

Hajra alikaa. Akashika kibuyu. Alisuka vibaya, kwa pupa, na Limi akamshika kiwiko kumwonyesha mwendo. Moyo ulipiga hadi masikioni. Aliwaza kwamba ataanguka kama alivyoanguka Mbekenyera. Alisubiri kuanguka, akisuka.

"Mimi pia nawaogopa," Limi alisema baada ya muda. "Mwaka juzi walipita hapo, kama pale kwenye ule mti. Nilijikojolea. Nguo yote. Baba Lucia alinicheka wiki nzima."

Hajra aliendelea kusuka. Kitu kama kicheko kilimtoka puani.

Walikaa hivyo karibu saa moja. Hofu ilipanda, ikafika mahali ambapo alidhani haiwezi kupanda tena, ikakaa, kisha ikaanza kushuka yenyewe. Tangu mwezi wa nne hakuwa ameiona ikishuka bila kidonge; kila mara alikuwa ameikatiza njiani. Hakupata furaha yoyote. Alichoka tu, na mabega yalimuuma. Limi alifungua kibuyu, akaonyesha madonge ya njano yanayoelea.

"Imekuwa."

"Nisamehe yale niliyosema."

"Niliyasikia," alisema Limi. "Kesho uje asubuhi, kabla sijaenda kisimani."

Tembo hawakuvuka mto mwaka huo. Walielekea upande mwingine, na mahindi ya Kilimarondo yalikomaa.

Robo ya mwisho aliimeza tarehe saba Machi. Kwa mwezi mzima baada ya hapo usingizi ulikuwa mchache, na mara mbili hofu ilimshika barabarani, akakaa kando kwenye nyasi mpaka ikapita. Jenifa alimwambia hilo linaweza kuendelea, na kwamba akizidiwa aje wazungumze. Hajra alikuwa ameanza kumweleza habari ya shamba la mzee Saadi, kila mwezi kipande kidogo, na bado hawajafika mwisho wake.

Alipita pia dukani kwa Bashiri, mchana, kukiwa na watu. Bashiri alipoinama chini ya kaunta, Hajra alimzuia.

"Usiniuzie tena. Wala usimuuzie mtu mwingine bila cheti. Mimi nilianguka kifafa kwa ajili ya hizo."

Bashiri aliona aibu mbele ya wateja, akasema ameelewa. Kama aliacha kweli, Hajra hakupata kujua. Hamidi wa zahanati aliposikia habari yote aliandika barua kwa mfamasia wa wilaya, na barua hiyo ikaanza safari yake ya ofisi kwa ofisi.

Mwezi wa nne Rahimu alimpeleka Ruangwa kwa pikipiki, kliniki ya mwisho ya dawa. Wakati wa kurudi walisimama Naipingo kunywa maji nyumbani kwa dada yake Rahimu. Walipokuwa peke yao uani, Rahimu alisema jambo ambalo alikuwa amelishika kwa miezi.

"Ule mwezi wa tisa, ulipotoka hospitali, Amna alipokuja kukaa hapa wiki mbili. Nilikwambia shangazi yake kamwomba."

"Ndiyo."

"Hakumwomba. Mimi nilimleta. Niliogopa kukuachia mtoto."

Hajra aliishikilia bilauri. Kuku wa wifi yake walikuwa wanaparura chini ya mkorosho, na mahali fulani redio ilikuwa inasoma matokeo ya mpira.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekuambia vipi, hali ile?"

Alifikiri. "Sijui," alijibu. "Lakini siku nyingine niambie, hata nikikasirika."

"Haya."

Rahimu alimaliza maji yake, akaisukuma pikipiki hadi barabarani. Hajra aliagana na wifi yake, akapanda nyuma, akafunga vizuri ushungi kwa ajili ya vumbi.